Kisu cha Arawelo: Malkia wa Kisomali na Tatizo la Kumpa Sauti

Ni wachache miongoni mwa watawala wa mighani ya Wasomali wanaotajwa mara nyingi kama Arawelo. Hapana tarehe inayoweza kubandikwa kwenye enzi yake, wala hati yoyote ya ufalme wake. Hata hivyo, kaskazini mwa nchi ya Wasomali yapo marundo ya mawe yanayoonyeshwa kuwa makaburi yake, na yasemekana kwamba mwanamume apitapo hapo huongeza jiwe, ilhali mwanamke huweka tawi bichi. Desturi hiyo ni uhakiki kamili ingawa haikuandikwa. Jinsia mbili zimesikiliza kisa kimoja, zikatoka nacho zimeshika vitu tofauti mikononi.

Kisa chenyewe, kwa muhtasari, ni hiki. Arawelo alitwaa utawala, akawaweka wanawake katika nafasi za wanaume na wanaume katika nafasi za wanawake. Kisha, ili utawala wake usije ukapinduliwa, akaamuru wanaume wahasiwe. Mzee mmoja, Oday Biiqe, akaponyoka, akawa anawasaidia wenzake kwa siri kila malkia alipowatupia mtihani usiotatulika. Alipodai aletewe ngozi yenye manyoya pande zote mbili, mzee akawaambia wampelekee sikio la punda. Baadaye binti wa malkia akajifungua mtoto wa kiume. Malkia akataka mtoto huyo naye ahasiwe. Binti akamsihi amwache kwa muda, na muda huo ukaongezwa na kuongezwa hata mtoto akawa kijana. Kijana huyo ndiye aliyemuua bibi yake kwa mkuki.

Simulizi hii haikubaki kaskazini. Imesafiri na wafugaji hadi Garissa na Ijara, na husimuliwa Masalani, mji ulio karibu na ukingo wa mashariki wa Mto Tana, mahali ambapo Kisomali ni lugha ya nyumbani, Kiswahili ni lugha ya shule na soko, na ambapo Wapokomo na Waorma ni majirani wa siku zote. Mwanafunzi mmoja wa uzamili, mzaliwa wa mji huo, aliisikia kwa ayeyo wake, yaani bibi mzaa mama, akiwa bado hajaanza shule. Miaka mingi baadaye alikusudia kuiandika upya kwa Kiswahili katika nafsi ya kwanza, malkia mwenyewe akiwa msimulizi. Kielelezo alichokuwa nacho kilitoka mbali: riwaya ya Chitra Banerjee Divakaruni, The Palace of Illusions (2008), ambamo vita vya Mahabharata vinasimuliwa na Draupadi, malkia aliyeolewa na ndugu watano.

Yafaa kusema mapema kwamba kielelezo hicho si kigeni kwa maana ya kutostahili. Jadi ya Kihindu ina mazoea marefu ya jambo hili. Katika karne ya 16, mshairi Chandrabati wa Bengali aliisimulia Ramayana akimfuata Sita zaidi ya Rama. Mwaka 1984, Pratibha Ray, akiandika kwa lugha ya Odia, alichapisha Yajnaseni, riwaya iliyo katika umbo la barua ndefu ambayo Draupadi anamwandikia Krishna akiwa karibu na kufa. Divakaruni, basi, alikuja kwenye njia iliyokwisha kukanyagwa. Anayetaka kujifunza namna ya kuingia ndani ya malkia wa kale na kutazama nje kwa macho yake ana mengi ya kuokota huko.

Mwanafunzi huyo aliandika sura ya kwanza, akaenda nayo Masalani wakati wa likizo, akamsomea ayeyo huku akimfasiria kwa Kisomali. Arawelo wa sura hiyo alikuwa mtawala mwenye hekima, aliyechoshwa na vita vya wanaume na wizi wa mifugo, akaamua kuwaweka wanawake barazani ili nchi ipate kupumua. Suala la kuhasi liliondolewa. Ayeyo alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Malkia wako huyu amesoma shule, mjukuu wangu. Na kisu umekificha wapi?"

Mwanafunzi alikuwa na jibu, tena jibu lenye nguvu. Kisu, alisema, ni uzushi wa wanaume. Waliobaki hai ndio waliosimulia, na mshindi hawezi kumwua bibi yake mzaa mama kisha akalala usingizi bila kwanza kumfanya bibi huyo awe dubwana. Hoja hii ina mashiko. Katika jadi hiyohiyo yuko Dhegdheer, mwanamke mla watu mwenye sikio refu, ambaye kifo chake nacho husimuliwa kama neema kwa nchi. Fasihi simulizi inayorudia mara kwa mara kwamba nchi hustawi mwanamke wa kutisha anapokufa haina budi kutiliwa shaka.

Lakini swali la ayeyo haliondoki kwa jibu hilo, na hapa ndipo tofauti kati ya Draupadi na Arawelo inapojitokeza. Draupadi ana maneno yake mwenyewe ndani ya matini ya kale. Mumewe Yudhishthira, katika mchezo wa dadu, aliweka rehani mali, ndugu zake na nafsi yake, akashindwa. Ndipo akamweka mkewe, akashindwa tena. Draupadi alipokokotwa hadi ukumbini aliuliza swali la kisheria: mtu aliyekwisha kujipoteza mwenyewe, akawa mtumwa, alikuwa na haki gani ya kumweka mtu mwingine rehani? Bhishma, mzee wa ukoo, alikiri kwamba jambo hilo ni gumu kuliamua. Swali likabaki likining'inia juu ya utenzi mzima. Ray na Divakaruni hawakulazimika kumbunia Draupadi sauti. Waliikuta, wakaipanua.

Arawelo hana swali la namna hiyo. Katika masimulizi mengi anatoa amri, anatoa vitendawili, kisha anapiga ukelele wa kufa. Kati ya amri na ukelele hapana sentensi hata moja ambayo msimulizi wa leo anaweza kuishika na kusema: haya ni maneno yake. Kwa hiyo, anayemwandikia nafsi ya kwanza hana budi kuibuni nafsi hiyo yote, na hatari ni kwamba ataibuni kwa mfano wake mwenyewe. Ndivyo anavyopatikana malkia aliyesoma shule. Kumtoa kisu ni kumtoa kitendo pekee ambacho jadi imemwachia, na kumbakishia cheo.

Iko sababu nyingine, nzito zaidi, ya kutokificha kisu hicho. Katika Utafiti wa Demografia na Afya wa Kenya wa mwaka 2014, takriban asilimia 98 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 katika eneo la Kaskazini Mashariki walikuwa wamekeketwa, ilhali kwa nchi nzima kiwango kilikuwa asilimia 21. Sheria ya kupiga marufuku ukeketaji ilikuwa imepitishwa mwaka 2011. Ina maana kwamba kisa cha malkia anayewakata wanaume kimesimuliwa, kizazi baada ya kizazi, na wanawake waliokatwa, kwa wasichana ambao ama wamekwisha kukatwa ama wanangoja siku yao. Wahakiki wa kisa hiki mara nyingi wamekiona kama kioo cha hofu ya wanaume, na hapo hawakukosea. Lakini hadhira ya uani, penye wanawake na watoto, haikuhitaji kuelezwa na mtu kisu ni nini. Arawelo alichukua chombo walichokijua miilini mwao, akakielekeza upande wa pili. Huenda tawi bichi juu ya kaburi lina jambo hilo ndani yake. Huenda pia halina. Fasihi simulizi haitoi risiti. Ila msimulizi anayekiondoa kisu kwa heshima ya malkia anafuta pia mahali pekee ambapo masimulizi haya yanagusa, japo kwa kupindua, jambo ambalo wanawake wengi wa eneo hilo hawakulisema hadharani.

Mwanafunzi alipomuuliza ayeyo kama alipata kulifikiria jambo hilo, ayeyo hakujibu. Aliomba chai.

Msomaji wa Kiswahili anao ufunguo mwingine ambao msomaji wa Kisomali peke yake pengine hana. Mto Tana unaopita karibu na Masalani ndio unaoteremka hadi kwenye delta ya Ozi na Kipini, nchi ya Fumo Liyongo. Naye Liyongo, kama anavyosimuliwa katika utenzi wa Muhammad Kijumwa wa mwaka 1913, aliuawa na mtoto wa mwili wake, aliyemchoma kitovuni. Miundo ya visa hivi viwili inakaribiana kwa namna ya kushangaza: jagina asiyeshindika kwa nguvu za nje, adui mwenye hila, na kijana wa damu yake anayepewa silaha. Lakini hukumu zimeachana kabisa. Mwana wa Liyongo ni msaliti asiyenufaika na usaliti wake. Mjukuu wa Arawelo ni mkombozi. Liyongo aliombolezwa na mji mzima. Juu ya Arawelo wanaume wanatupa mawe hadi leo. Ikiwa tendo ni moja na hukumu ni mbili, basi hukumu haitokani na tendo.

Hapo ndipo pa kuanzia kuandika upya, na si penye kiti cha enzi. Katika kisa chote cha Arawelo hakuna pahala pa ajabu kama pale malkia anapoombwa na bintiye amwachie mtoto, naye akakubali. Huyu ni mtawala aliyetambua hatari kwa usahihi kabisa. Alijua mtoto yule atakuwa nani. Masimulizi ya wanaume yanapita hapo mbio, kwa sababu kwao huruma ile ni kosa la kiufundi tu, ni mlango uliosahauliwa wazi. Ayeyo, kwa maelezo ya mjukuu wake, alikuwa akisimama hapo. Alikuwa akiiga sauti ya binti akibembeleza, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, hata watoto wakaanza kumwombea mtoto pamoja naye. Katika riwaya inayostahili jina hilo, sura nzima ingekaa ndani ya siku hizo za kuahirisha: mama na binti katika nyumba moja, kila mmoja akijua na hakuna anayetamka.

Wapo watakaouliza kama haya yote yana faida gani kwa eneo ambalo mambo yake yanakwenda mbele bila kungoja riwaya. Mwaka 2017, jimbo la Ijara, ambalo Masalani imo ndani yake, lilimchagua Sophia Abdi Noor kuwa mbunge, mwanamke wa kwanza kushinda kiti cha jimbo katika Kaskazini Mashariki. Alikitumikia hadi uchaguzi wa 2022. Ni kweli kwamba kura hazikungoja fasihi. Lakini jina la Arawelo bado hutamkwa kumwelekea mwanamke yeyote wa Kisomali anayeonekana kupenda kuamuru, mara nyingine kwa kejeli, mara nyingine kwa kicheko cha kumsifu, na ni vema ijulikane anayetajwa ni Arawelo yupi.

Linabaki suala la lugha, ambalo lilimsumbua mwanafunzi huyo kuliko yote. Katika usimulizi mmoja, Oday Biiqe anamwagiza kijana amchome malkia kidogo kwanza, amsikie atakavyolia. Akilia kilio cha kiume, tolla'ayey, amwache. Akilia kilio cha kike, ba'ayey, amuue, kwa kuwa ni mwanamke tu. Ndani ya kilio cha kwanza mna neno tol, yaani jamaa wa ukoo. Aliaye hivyo anawaita watu wake. Kilio cha pili hakimwiti mtu; kinatangaza maangamizi. Kwa hiyo mtihani ule haukuwa wa ujasiri. Ulikuwa wa kujua kama malkia anaamini kwamba wako watakaoitika.

Kiswahili hakina namna ya kulibeba jambo hilo. Mswahili akichomwa ghafla, awe mume au mke, atalia "Mama wee!" Aidha, vitenzi vyetu havibainishi jinsia: alitawala, aliamuru, alilia. Kisomali kinabainisha. Katika Kiswahili Arawelo angeweza kutawala kurasa mia bila msomaji kulazimishwa kujua kuwa ni mwanamke, na Oday Biiqe angekosa kipimo chake. Baadhi ya watu wangeiona hali hiyo kuwa hasara ya tafsiri. Yaelekea ni faida, lakini faida yenye gharama, kwani malkia anaponusurika mtihani kwa sababu ya sarufi, kisa kinakosa mahali pa kumfikisha.

Rasimu iliyopo sasa ina kisu, na ina siku za kuahirisha. Kilio kimeachwa kwa Kisomali. Mwanafunzi ameviandika vyote viwili, tolla'ayey kwanza na ba'ayey baadaye, na kati yake ameacha mstari mmoja mtupu, urefu wa muda ambao mtu angengoja kuona kama kuna ajaye. Ayeyo bado hajasomewa.