Mbwa Aliyerudi Nyuma



Likizo iliyopita mdogo wangu aliniwekea filamu ya zamani, Cujo, ya mwaka 1983, iliyoongozwa na Lewis Teague kutokana na riwaya ya Stephen King. Nilikubali shingo upande. Frateri na filamu za kutisha, wapi na wapi?

Haikutengenezwa kwa fedha nyingi, wala haina mzimu. Kuna gari bovu, Ford Pinto, lililozimika uani kwa fundi. Jua kali. Mama (Dee Wallace) na mwanawe mdogo wamo ndani, mbwa yuko nje. Basi. Mbwa mwenyewe aliigizwa na mbwa kadhaa kwa zamu, na husimuliwa kwamba ilibidi wafungwe mikia kwa sababu waliitikisa kwa furaha wakati wa kushambulia! Lakini sikucheka. Yule mama anaigiza kiu na hofu mpaka koo linakukauka wewe. Msiitazame na watoto.

Kilichonishika zaidi ni mwanzo. Cujo ni Saint Bernard, aina ya mbwa waliofugwa na wakanoni wa Mtakatifu Augustino katika nyumba yao ya Great St Bernard, milimani kati ya Uswisi na Italia, waliokoa wasafiri waliopotea kwenye theluji. Ni mpole. Anamfukuza sungura, anaingiza kichwa shimoni, popo anamuuma puani. Kosa lake ni hilo tu. Baadaye, kichaa kikiwa kimeshampanda, anakutana ukunguni na Brett, mtoto wa mwenye mbwa. Ananguruma, anamtazama, kisha anageuka na kwenda zake.

Hapo nilimwomba mdogo wangu asimamishe.

Nilikuwa na miaka tisa Simba wetu alipopata kichaa. Alimuuma dada, baba akamuua kwa rungu nyuma ya zizi. Dada alichomwa sindano, akapona. Mimi nilikataa hata kusaidia kumfukia, na miaka yote nimemsimulia kama adui. Nilikuwa nimesahau kwamba siku mbili kabla, nilipomwita ale, aliningurumia, akanitazama, akarudi nyuma na kwenda kulala migombani. Nilidhani ni kiburi. Nilimrushia jiwe.

Mdogo wangu, ambaye wakati huo alikuwa hajazaliwa, aliniuliza kulikoni. Nikamsimulia habari za Simba, safari hii nikianzia siku baba alipomleta ndani ya kikapu. Kisha tukaendelea na filamu.