Khabib, Ngannou, na ngumi za nyumbani kwetu

Mafans wa UFC hapa Migori watanitukana kwa hii, lakini wacha niseme. Ile 29-0 ya Khabib Nurmagomedov huwezi kuielewa ukimwangalia Khabib peke yake. Hiyo ni rekodi ya nyumba nzima. Ukiipa mtu mmoja, hutajua mbona alishinda, na hutajua kabisa mbona aliacha.

Naandika kwa sababu kuna kijana wa miaka 17, mdogo wangu wa kuzaliwa, anayetaka kupigana MMA. Anakaa Homa Bay kwa mamdogo wetu, anamaliza Form Four mwaka huu, na ameniomba pesa ya kwenda Nairobi kufanya mazoezi akishamaliza. Mama hataki kusikia. Mimi niko katikati, na video zote za hao wapiganaji nimeziangalia nikitafuta jibu la nyumbani.

Twende na Khabib kwanza.

Alizaliwa Septemba 1988 Sildi, kijiji cha milimani Dagestan, kule kusini mwa Urusi. Babake, Abdulmanap, alikuwa mtu wa mieleka, judo na sambo, baadaye akawa kocha. Chini ya nyumba yao akageuza kuwa jimu. Sasa hebu fikiria: unatoka kitandani, unashuka, uko kwa mkeka. Binamu wako hapo, watoto wa majirani wako hapo, na kocha ni huyo huyo atakayekuuliza usiku kama umekula. Kuna ile video ya Khabib wa miaka 9 akikunjana na dubu mdogo. Watu wanaishare wakicheka. Mimi naona mtoto ambaye kwake mieleka ni kama mpira kwa mtoto wa Oruba: kitu unachokikuta kikichezwa, unaingia tu.

Alianza mapigano ya kulipwa 2008. Akachukua ubingwa wa dunia wa sambo ya mapigano 2009 na tena 2010. UFC aliingia Januari 2012. Mshipi wa lightweight aliupata tarehe 7 Aprili 2018 alipompiga Al Iaquinta kule Brooklyn. Hesabu vizuri hapo. Miaka 6 na zaidi, bila kupoteza hata pambano moja, na bado alikuwa anangoja. Katikati magoti yalimsumbua mpaka akakaa nje karibu miaka 2, kutoka Aprili 2014 hadi Aprili 2016. Machi 2017 alikuwa anapunguza uzito ili apigane na Tony Ferguson, mwili ukakataa, akapelekwa hospitali na pambano likafutwa. Msee ambaye hana watu nyuma yake angekuwa amerudi kuchunga kondoo.

Halafu ndio ile usiku kila mtu anakumbuka, 6 Oktoba 2018, Las Vegas. Conor McGregor alikuwa ametukana babake, dini yake na kwao. Raundi ya 4 Khabib akamkaba, Conor akagonga mkono kuomba basi. Ingeishia hapo ingekuwa tamu. Lakini Khabib akaruka uzio kwenda kupigana na watu wa kona ya Conor. Alipigwa faini ya dola 500,000 na kufungiwa miezi 9. Na unajua alisema nini mbele ya waandishi usiku ule ule? Kwamba anajua babake atamshughulikia akifika nyumbani. Bingwa wa dunia, ana mamilioni, na bado anamwogopa mzee.

Hapo ndio nilianza kuelewa. Kitu ambacho nyumba ya mapigano inakupa hakiko kwenye damu. Damu ya Dagestan haina siri yoyote. Inakupa vitu vitatu: mkeka karibu, watu wa kufanya nao mazoezi kila siku, na mtu mmoja mwenye haki ya kukuambia acha, ukaacha.

Hicho cha tatu ndicho kigumu kupata. Julai 2020 Abdulmanap alifariki Moscow baada ya kuugua COVID-19. Oktoba 24 mwaka huo Khabib aliingia oktagoni Abu Dhabi, akamkaba Justin Gaethje kwa miguu raundi ya 2, akalia katikati ya ulingo, kisha akatangaza ameacha. Alikuwa na miaka 32. Alisema amemwahidi mama yake hatapigana tena bila baba. UFC walikuwa tayari kumpa pesa ya kutosha kununua mji. Mpaka leo hajarudi.

Na ile jimu ya mzee haikufa naye. Oktoba 2022 Islam Makhachev, ambaye alikua chini ya mzee huyo huyo, akachukua mshipi ule ule wa lightweight Khabib akiwa kwa kona yake. Mwezi uliofuata binamu yake, Usman Nurmagomedov, akachukua wa Bellator. Mkeka ule unaendelea kuzaa.

Sasa turudi huku kwetu, kwa sababu ukisema familia ya mapigano watu wanadhani lazima upande ndege. Vuka Isebania tu, uliza mtu yeyote wa umri wa wazazi wetu kuhusu akina Matumla. Rashid Matumla, yule Snake Man, alikuwa jina kubwa la ngumi Tanzania nzima. Ndugu yake Mbwana akapigana. Mwanawe Mohamed naye akapigana. Nyumba moja, glavu zinarithiwa kama shamba.

Lakini pia tunajua kinachotokea mtu akikosa wa kumwambia acha, au neno hilo likija likiwa limechelewa. Robert Wangila alituletea dhahabu ya ndondi Seoul 1988, na mpaka leo Kenya haijapata nyingine ya ndondi kwenye Olimpiki. Akaenda Marekani kupigania pesa. Julai 1994, Las Vegas, refa alisimamisha pambano lake na David Gonzalez raundi ya 9. Wangila alilalamika, alitaka kuendelea. Baadaye akapoteza fahamu, na siku mbili baada ya pambano akafariki. Alikuwa na miaka 26. Simlaumu mtu. Nasema tu kwamba mpiganaji mwenyewe huwa wa mwisho kujua mwili wake umefika wapi. Ndio maana lazima ajue mtu mwingine.

Na Conjestina Achieng, wetu wa Siaya. Akishinda tulimwita shujaa, watoto wa kike wakaanza kukunja ngumi shuleni. Alipougua, tukawa tunamwona kwa habari za michango, mwaka baada ya mwaka. Makofi yanaisha usiku ule ule. Mtu anaishi miaka mingine 40.

Kuna mtu atasema: na Ngannou je? Swali zuri, na nimelala nalo.

Francis Ngannou wa Cameroon hakuwa na jimu chini ya nyumba. Alichimba mchanga Batié akiwa bado mtoto. Ukitaka kujua hiyo ni kazi gani, usiende mbali, nenda uangalie vijana wa migodi ya dhahabu kule Macalder mchana wa jua. Akavuka jangwa mpaka Morocco, akajaribu bahari mara kadhaa, akafika Uhispania akafungiwa, 2013 akafika Paris akilala nje. MMA alianza akiwa mtu mzima tayari. Machi 2021 akawa bingwa wa uzito wa juu wa UFC. Kwa hivyo inawezekana bila familia ya mapigano, sivyo?

Shida ni kwamba Ngannou alikuwa nayo. Babake alijulikana kijijini kwa kupigana barabarani, na watoto waliambiwa wamefanana na baba. Ngannou amesimulia mara nyingi kwamba alichukua lile jina baya akaamua litoe kitu kizuri. Hiyo pia ni nyumba ya mapigano. Ni ile aina ambayo hakuna mtu anaitengenezea filamu.

Na hapo ndio mimi na mdogo wangu tunaingia.

Baba yetu alikuwa na mkono. Ukisema jina lake kwa stage fulani ya boda hapa Migori, wazee bado wanacheka na kusimulia alivyoangusha watu watatu nje ya baa. Sisi hatukucheka. Ngumi haikubaki baa, ilikuja nyumbani. Alifariki mdogo wangu akiwa na miaka 6, kwa hivyo yeye amebaki na zile hadithi za stage. Mama amebaki na jino moja lililokosekana upande wa kushoto.

Kwa hivyo mama akisikia "kijana wako anajifunza kupigana," hasikii UFC. Anasikia mlango ukigongwa saa sita usiku. Niliposafiri kwenda kumwona mdogo wangu mwezi uliopita, nikapanda probox pale Rongo tukiwa tumebanana kama omena kwa gunia, mama alinipigia kabla hata hatujafika. Akaniambia, "Nyathina, huyo mtoto anataka kuwa baba yake." Akaongeza kwamba mimi mwenyewe niliacha chuo mwaka wa pili, sasa nisimfundishe mwenzangu kuacha. Mimi niliacha kwa sababu ya karo na sioni aibu, kontenti ndiyo imelipa nyumba yangu na kodi ya kibanda chake cha samaki. Lakini sikumjibu hivyo. Mama akiogopa humjibu kwa hesabu.

Nilimkuta kijana nyuma ya kanisa, na kikundi cha judo cha vijana kama 12. Mkeka wao ni magodoro ya zamani yameshonwa na turubai juu. Nilikaa saa mbili nikiangalia, na kuna kitu kimoja nilikuwa nangoja kuona: akimkaba mwenzake, na mwenzake akigonga, anaachilia saa ngapi?

Anaachilia hapo hapo. Kila mara. Halafu anampa mkono anamwinua.

Maze, nilikaa kimya. Kwa sababu hicho ndicho kitu baba hakuwahi kuwa nacho. Mtu akilia basi, yeye ndio alikuwa anaanza. Hapo nyuma ya kanisa, juu ya magodoro, mtu akigonga mara mbili kila kitu kinasimama. Mama anadhani mchezo huu utamfanya awe kama baba. Mimi nilichoona ni mahali pekee ambapo mtoto wa yule mzee anafundishwa kusimama.

Bado sijatoa pesa ya Nairobi. Msimamo wangu ni huu, na nimemwambia yeye na mama wote wawili kwa simu moja. Kwanza, Form Four inaisha, mtihani unafanywa. Khabib alingoja mshipi miaka 6 akiwa hajashindwa, wewe huwezi kungoja Novemba? Pili, huendi Nairobi kwa jimu ambayo hatujui kocha. Nitaenda mimi kwanza, nikae siku mbili, niangalie kama kocha anasimamisha watu wakiumia au anapiga makofi. Tatu, kuna mtu mmoja mwenye neno la acha, na akilitamka hakuna kubishana. Mdogo wangu akadhani nitajitaja mimi. Nikasema ni mama.

Simu ilikaa kimya mpaka nikadhani bando imeisha. Halafu mama akauliza, "Wakipigana, wanavaa kitu cha kulinda meno?"

Nikamwambia ndiyo, wanavaa. Akasema basi hicho anunuliwe kwanza, hayo mengine tutaongea.

Kwa hivyo hapo ndipo tumefika. Hatuna milima ya Dagestan, hatuna jimu chini ya nyumba. Tuna magodoro nyuma ya kanisa Homa Bay, kaka mwenye simu na tripodi, na mama ambaye amepewa neno la mwisho kuhusu ngumi kwa mara ya kwanza maishani mwake. Kama una mdogo wako anataka kuingia hii game, kabla hujauliza kama ana kipaji, uliza nani kwenu ana haki ya kumwambia acha. Na kama hakuna, kaeni chini mchague. Wengine mshafanya hivyo? Niambieni ilienda aje.