Kiti cha Nyuma

Zamani, mtu mzima akionekana nyuma ya darasa pale shuleni kwetu Ziwa, kila mtoto alijua ni mkaguzi katoka Eldoret. Sauti ya mwalimu ilibadilika, na hata watundu walikaa kitako. Sisi walimu wenyewe hatukuingiliana madarasani. Darasa la mtu lilikuwa kama chumba chake cha kulala.

Kisha ukaja SMASSE, mradi wa hisabati na sayansi ulioanza mwaka 1998 kwa msaada wa JICA, shirika la maendeleo la Japani, ukaenea nchi nzima kuanzia 2003. Semina zilihimiza tupange, tufanye, tutazame, tuboreshe. Kupanga na kufanya tulikuzoea. Kutazamana ndiko kulikotutoa jasho.

Wa kwanza kunikaribisha darasani kwake alikuwa mwalimu wa hisabati aliyenitangulia sana kazini. Kidato cha pili, ujazo wa koni. Alikuja na gorogoro (kopo la kupimia nafaka), mfuko wa mahindi na koni aliyoikunja kwa kalenda kuukuu, mdomo na kimo sawasawa na vya gorogoro. "Itaingia mara ngapi?" Darasa likapiga kelele: mbili! Hakusema ndiyo wala la. Akaandika ubaoni 2, 3, 4, akahesabu mikono, akaanza kumimina.

Karibu nami, dirishani, palikuwa na msichana aliyeandika 2. Koni ya pili ilipomiminwa, alichungulia gorogoro, akaikata 2 yake polepole, akaandika 3. Koni ya tatu ilikuwa bado haijajazwa. Aliyesimama mbele asingeweza kuliona hilo.

Tulikuwa tumekubaliana kwamba baada ya kipindi mwenye somo ndiye angeanza kusema. Nilitarajia ajitetee kuhusu muda. Maana kengele ilikuwa imemkuta kanuni haijaandikwa ubaoni. Badala yake akauliza: "Mwalimu, yule wa dirishani alikuwa anakata nini?"

Mwaka 2016 TSC, tume inayoajiri walimu, ilileta tathmini ya utendaji wa walimu iitwayo TPAD, na kutazamana kukapata fomu na alama. Sipingi fomu, aliyekuwa hajawahi kutembelewa sasa hutembelewa. Ila mtazamaji akiwa na alama mkononi, somo hufundishiwa yeye, si watoto.

Mimi nilipenda kwenda kwa wenzangu bila karatasi, hata kwenye somo la Kiswahili. Huko mwenzangu alikuwa akirudisha insha, na kabla ya kutaja makosa alisoma kwa sauti sentensi moja nzuri kutoka kwa kila mwanafunzi aliyepata alama za chini. Jumatatu iliyofuata nilinakili ubaoni hesabu ya kijana aliyekosa jibu, nikaanzia kwenye mistari mitatu aliyoipata.