Kwa Mwendo wa Mdogo



Huku kwetu Kolwezi, mtu aendaye kwa miguu huhurumiwa. Wenye magari humpita na kumwachia vumbi, na waendesha pikipiki, wale tunaowaita manseba, hupunguza mwendo na kumtazama kana kwamba hana hata nauli. Ndiyo maana nilipoanza, miaka kadhaa iliyopita, kutoka na mke wangu na watoto wetu wanne kwenda porini kwa miguu baada ya Misa ya asubuhi, bila jembe wala ndoo, wala hatuendi msibani, mama mkwe alisikitika kwelikweli. Alimwambia binti yake, nami nikiwapo: "Watu watasema mume wako amefukuzwa kazi." Sikumlaumu. Alikulia katika kambi ya wafanyakazi wa migodi, na huko heshima ya baba ilipimwa kwa gari la kampuni lililomchukua kila alfajiri.

Napenda kuwaeleza tunakopita na sababu iliyotufanya tuendelee, maana baadhi yenu mmeniuliza.

Masomoni watoto hufundishwa habari za maziwa ya mashariki. Wanajua kwamba volkano za Virunga ziliziba bonde, maji yaliyokuwa yakielekea kaskazini yakazuiliwa na kupanda, na Ziwa Kivu likapata sura yake ya leo, likitoa maji yake kwa upande wa kusini kupitia Ruzizi. Wanajua pia kwamba lava iliingia Goma mwaka 2002, na kwamba Nyiragongo ililipuka tena Mei 2021. Basi binti yetu wa pili, tulipofika mara ya kwanza kwenye ukingo wa Ziwa Nzilo, aliuliza ni volkano gani iliyolizaa. Hakuna. Ziwa letu lilizaliwa na saruji. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya Union Minière ilijenga ukuta katika korongo la Nzilo, kukatiza mto Lualaba, ili kupata umeme wa migodi. Bwawa hilo liliitwa Delcommune kabla ya kupewa jina la mahali penyewe. Maji yakapanda, yakaingia katika kila bonde lililokuwa wazi, na sasa yametanda mashariki na kaskazini mwa mji. Kwa umri, ziwa hili ni rika la babu zenu.

Chini ya ukuta ule mto hushuka mita zaidi ya 400 katika mwendo wa kilomita zipatazo 70, hadi katika nchi tambarare ya Upemba. Huko korongoni hatupeleki watoto. Lakini napenda kuwakumbusha, tukiwa tumeketi ukingoni tunakula viazi vitamu, kwamba mto huu uliwahangaisha wengi. Livingstone alidhani huenda ndio Naili, akafa mwaka 1873 karibu na mabwawa ya Bangweulu kabla ya kupata hakika. Miaka mitatu baadaye Stanley aliufuata mpaka akatokea bahari ya Atlantiki mwaka 1877. Wavuvi wa mtoni hawakuulizwa sana, ingawa kila mmoja alijua vizuri kipande chake cha mto.

Kabla ya kufika ziwani tunapita katika dembo, na hapo ndipo tunapokaa kuliko pengine pote. Kila mtu wa Katanga analijua dembo: bonde pana lisilo na miti, kwenye chimbuko la kijito, lenye majani marefu na ardhi inayolowana. Wengi huliona kuwa ni bustani ya kupandia lengalenga na kabichi wakati wa kiangazi, na hawakosei. Lakini lina kazi nyingine, nayo hutambulika kwa nyayo. Ukishuka kutoka kwenye miti ya miombo, udongo ni mwekundu na mgumu kama tofali. Hatua 50 mbele umekuwa wa kijivu. Katikati ni mweusi, na watoto wakiruka pamoja, ardhi hutikisika kidogo kama godoro. Kitinda mimba wetu, mwenye miaka 5, hupenda kuchomeka fimbo pale. Huzama bila nguvu, na ikitolewa hunuka kama mtungi wa zamani.

Udongo ule ni majani yaliyokufa yasiweze kuoza sawasawa. Kuoza kwahitaji hewa, na pale maji yameifukuza hewa. Basi majani ya mwaka huu hulala juu ya yale ya mwaka jana, na hayo juu ya yale ya enzi za mababu, mpaka inakuwa mboji nzito inayoshika maji kama sifongo. Mvua za Novemba hadi Machi huingia humo, na dembo huziachilia kidogo kidogo. Anayechota maji kijitoni mwezi wa 9, vichaka vikiwa vimekwisha kuungua na vumbi limejaa hewani, anachota mvua ya Januari.

Madembo yetu ni madogo, na mboji yake haina kina kirefu. Mbali huko kaskazini-magharibi, katika bonde la kati la mto Kongo, mambo ni makubwa kupita kiasi. Mwaka 2017 wataalamu walitangaza kwamba nchi yetu na jirani yetu wa Brazzaville zina vinamasi vya mboji vyenye kilomita za mraba zipatazo 145,500, vilivyofungia kaboni ya tani kama bilioni 30. Vikikauka, kaboni hiyo hupanda hewani. Wenyeji walivua samaki humo tangu zamani. Kilichokosekana kilikuwa mtu wa kwenda kupima. Nilipowasimulia watoto habari hiyo, binti yule yule aliuliza ni nani atakayelipima dembo letu. Mama yake akamwambia: "Si mna fimbo?"

Tangu siku ile, kila mwezi wa 7, tunachomeka fimbo mahali pale pale na kuikata alama panapofika matope. Si elimu ya chuo kikuu. Lakini mtoto aliyeweka alama mahali atataka kurudi kutazama.

Juu ya dembo kuna kilima kitupu. Mgeni hudhani miti yake imekatwa kwa makala. La, shaba iliyomo ardhini huidhuru mizizi ya miti, yakabaki majani na maua madogo yaliyoizoea. Baadhi ya maua hayo hayaoti popote duniani ila katika vilima vya shaba vya nchi yetu. Mojawapo wataalamu wamelipa jina la kobalti, kwa kuwa huota panapo madini hayo, na wajiolojia wameyafuata maua hayo kama alama za njia. Kabla yao wafuaji wa shaba, wale walioitwa wala-shaba, ambao Monsinyori de Hemptinne aliandika habari zao mwaka 1926, walikwisha kuvichimba vilima hivi. Nawaambia watoto watazame kadiri wapendavyo, lakini wasing'oe ua wala kutia kitu kinywani. Ua linaloonyesha penye kobalti ni lile lile linaloita mashine, na vilima vingi vya namna hii vimekwisha kuwa mashimo. Sisemi migodi ifungwe. Umeme, masomo na mshahara wangu vyote vimetoka huko. Nasema tu kwamba anayekijua kilima kwa ramani ya madini pekee anakijua nusu.

Sasa nifike kwenye jambo linalonigusa zaidi. Kijana wetu mkubwa ana miaka 16, na rafiki zake wawili wameacha masomo kwenda kuchimba. Mmoja alirudi na simu ambayo mimi sijawahi kushika ya bei yake. Mnaijua habari ya Kasulo. Mwaka 2014 mtu mmoja, akichimba uwanjani kwake, alikuta kobalti, na haukupita muda mtaa ukajaa mashimo. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha matokeo ya vipimo: miili ya wakaaji wa Kasulo, hasa watoto, ilikuwa na kobalti nyingi kuliko ya watu wa mtaa jirani usiochimbwa. Nyumbani tukizungumza hayo tunatazamana usoni, na sauti hupanda upesi. Njiani wote tunatazama mbele. Safari moja, tukipanda kutoka demboni, aliniambia bila hasira: "Baba, umefanya kazi miaka 20, na bado tunakwenda kwa miguu." Sikuwa na jibu la papo hapo, na kwa bahati njia ilikuwa bado ndefu. Tulinyamaza mpaka kwenye vichuguu vile virefu vinavyopita mita 5. Hapo mdogo wake alichoka, naye akambeba mgongoni bila kuombwa, akaanza kunieleza wenzake wanashuka kina gani, wanalipwa vipi, nani huwakata fedha. Nilisikia mambo ambayo nisingeyasikia mezani hata kwa kiapo.

Sijui atakachoamua mwaka huu. Bado yuko masomoni.

Dembo la kwanza tulilopima halikuwa hili ninalowaeleza. Lilikuwa karibu na kwetu, mwendo wa nusu saa. Fimbo yake ina alama 3. Mwaka wa 4 tulikuta uzio, na nyuma ya uzio kilima kipya cha mabaki ya mgodi kimelala juu ya majani. Mlinzi, kijana mpole, alituambia turudi. Kitinda mimba alitaka kumpa fimbo ampimie, naye alicheka, kisha akaacha kucheka. Akina mama waliokuwa na bustani mle wamehamia bondeni zaidi, na wanasema kijito siku hizi hukauka mwezi wa 8.

Kwa hiyo sasa tunapanda gari la abiria hadi karibu na ziwa (mama mkwe alifurahi sana kusikia tunalipa nauli), kisha saa 2 kwa miguu, kwa mwendo wa mdogo. Kundi lenu likitaka kwenda na wadogo zenu, chagueni kati ya Mei na Julai, nyasi zikiwa bado hazijachomwa. Asubuhi ni baridi, mchana jua halichomi. Mjitwike maji ya kunywa kutoka nyumbani, hasa mkipita mito inayotoka upande wa viwanda. Msiogelee penye maji tuli na majani, kwa sababu ya kichocho. Msikaribie shimo lolote, hata lionekanalo la zamani. Mwombeni ruhusa mkuu wa kijiji kabla ya kushuka ukingoni, na mkiwakuta wavuvi nunueni samaki kwao. Mnyonge wa mwendo atangulie, wenye nguvu wafuate, maana mkifanya kinyume watoto watachukia safari kabla ya saa 4.

Fimbo ya pili tumeiacha kwa mama mmoja mwenye bustani, kwenye ukingo wa dembo. Ina alama 2. Mahali pa kuichomeka ni hatua 10 kutoka kichuguu cha mwisho, upande wa maji. Atakayetaka kuelekezwa anitafute baada ya Misa ya pili.