Mkopo wa Chuo na Baba wa Kambo
Baadhi yetu tunaotoka Washwood Heath tunaishi na mama aliyeolewa tena. Tukiomba mkopo wa chuo, Student Finance England huhesabu kipato cha mama pamoja na cha mumewe, hata kama hatulipii chochote. Kipato cha baba mzazi anayeishi kwingine hakihesabiwi. Kipato cha nyumba kikizidi pauni 25,000 kwa mwaka, mkopo wa kujikimu hupungua. Wa ada haubadiliki.

Baba zetu wa kambo nao wana watoto Mombasa wanaosubiri karo. Ndiyo maana tunaona haya kuwaomba wajaze mapato yao. Lakini tuwaombe mapema, kwa adabu. Serikali imeshawahesabu kuwa wazazi wetu, na wenyewe hawajaambiwa.