Ng'ombe Hufuatwa Nyayo, Pesa Je?

Tunapozungumzia usalama wa kutuma pesa nje ya nchi kwa simu, mawazo ya wengi hukimbilia kwa mdukuzi aliyejifungia chumbani katika nchi ya mbali, akivunja kufuli za kompyuta. Mdukuzi huyo yupo. Lakini mimi niliyezaliwa Nkende, pembezoni mwa mji wa Tarime, ambako mpaka wa Sirari uko chini ya saa moja kwa gari, nimefikia hitimisho jingine. Hatari kubwa zaidi ni kwamba pesa zikipotea mpakani, hakuna ofisi inayokubali kwamba mwenye nazo ni mtu wake. Mwizi analijua hilo vizuri kuliko sisi tunaotunga sheria na kufundisha vyuoni.

Mpaka wenyewe una historia. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana juu ya mstari unaotoka Ziwa Viktoria, ukapita katikati ya nchi ya Wakurya. Koo kama Wakira na Wanyabasi zikabaki na watu pande zote mbili. Hadi leo si ajabu mtu wa Nkende kuwa na shangazi Kehancha, mkwe Isebania na mtoto anayetafuta riziki Nairobi. Kwa hiyo pesa zinazopita Sirari ni mahari, ada za shule, rambirambi, matibabu, bei ya mahindi na bei ya ndizi. Mtu anayezituma hadhani kwamba anafanya biashara ya kimataifa. Anadhani anamsaidia ndugu yake.

Njia rasmi ya kuzituma ipo. Machi 2007 Safaricom ilianzisha M-Pesa nchini Kenya, na mwaka uliofuata Vodacom ikaileta Tanzania. Mwaka 2014 Tigo ilifungua huduma ya kutuma pesa kati ya Tanzania na Rwanda. Machi 2015 Safaricom na Vodacom Tanzania nazo zikatangaza kuunganisha M-Pesa ya Kenya na ya Tanzania. Anayepita njia hiyo yuko mikononi mwa kampuni zenye leseni, na muamala wake una kumbukumbu zinazoweza kufuatiliwa.

Hata hivyo, simama Sirari siku ya soko utaona utaratibu mwingine kabisa. Mfanyabiashara ana simu moja yenye laini mbili, ya Tanzania na ya Kenya. Mtandao wa Kenya unashika upande huu bila kuomba ruhusa ya mtu. Mnunuzi aliyeko Migori anatuma shilingi za Kenya kwenye laini ya Kenya iliyo mkononi mwa kijana aliyekaa kibandani upande wa Tanzania. Kijana anatazama simu, anataja bei yake ya kubadilisha, anahesabu shilingi za Tanzania na kumkabidhi muuzaji. Kwa mitambo, huo ni muamala wa ndani ya Kenya, wa watu wawili walioko Kenya. Mama aliyeuza mahindi, ambaye jasho lake ndilo linalolipwa, hayumo katika kumbukumbu yoyote.

Ni rahisi kuwalaumu watu hawa kwa kukwepa njia rasmi, lakini wanazo sababu. Makato ya njia rasmi pamoja na kiwango cha kubadilishia fedha humega faida ya gunia moja au mawili. Julai 2021 Serikali yetu ilipoweka tozo ya miamala ya simu, wananchi wengi walirudi kwenye fedha taslimu, na hata tozo hiyo ilipopunguzwa Septemba mwaka huo, na tena baadaye, mazoea yalikuwa yamekwisha kujengeka. Kabla ya hapo, kati ya mwishoni mwa 2018 na mwanzoni mwa 2019, Benki Kuu ilikuwa imefunga maduka mengi ya kubadilisha fedha za kigeni katika miji kama Arusha na Dar es Salaam. Sababu za kuyafunga zilielezwa na zilikuwa nzito, lakini mahitaji ya kubadilisha fedha hayakufungwa pamoja na maduka.

Nilielewa gharama ya utaratibu huu kupitia mama yangu mdogo, ambaye kwa miaka mingi amepeleka mahindi na ndizi ng'ambo ya mpaka. Siku moja mnunuzi wake wa muda mrefu alituma shilingi 38,000 za Kenya kwenye laini ya kijana aliyemzoea. Ujumbe ulifika kwa mtumaji kwamba pesa zimepokelewa, lakini simu ya kijana ilikuwa imekatika mtandao tangu asubuhi. Baadaye ikajulikana kwamba mtu fulani upande wa pili alikuwa amekwenda kuibadilisha laini ile na kupewa mpya yenye namba ileile. Pesa zilitolewa dakika chache baada ya kuingia.

Nilikuwa likizo nyumbani, nikaandamana naye kwenda kulalamika. Ofisi ya kwanza, upande wetu, ilisema laini ni ya Kenya na pesa zimetolewa Kenya, kwa hiyo twende huko. Ofisi ya pili, upande wa Kenya, ilisema mlalamikaji anapaswa kuwa mtumaji au mwenye laini. Mwenye laini, kwa mujibu wa usajili, hakuwa yule kijana wala jamaa yake. Alikuwa mtu wa mbali aliyewahi kuazima kitambulisho chake kwa ujira mdogo. Kampuni ya simu nayo ilisema haiwezi kuzungumza habari za akaunti ya mteja na mtu asiye mteja wake, na kwa sheria za faragha ilikuwa na haki ya kusema hivyo. Kila mmoja alitujibu kwa adabu, na kila jibu, likitazamwa peke yake, lilikuwa sahihi. Tulipokuwa tunarudi mama mdogo aliniuliza, "Mwanangu, sasa pesa yangu imefia nchi gani?" Nina shahada tatu, na sikuwa na jibu la kumpa.

Mwishowe shauri lilikwenda kwa wazee. Mnunuzi alikuja, akakaa na mama mdogo mbele ya watu wa pande zote mbili, wakagawana hasara nusu kwa nusu ili biashara yao isife. Nusu ile ilikuwa ada ya muhula ya binamu yangu, naye alichelewa kurudi shule.

Njia waliyoitumia wazee haikuwa ngeni. Tulipokuwa watoto tulisimuliwa jinsi ng'ombe walioibwa walivyofuatwa. Walioibiwa walipiga yowe, wakafuata nyayo kijiji hadi kijiji. Kijiji ambacho nyayo ziliingia kilipaswa kuonyesha mahali zilipotokea, na kikishindwa, deni lilikuwa lake. Baraza la jamii, ambalo kwa Kikurya huitwa iritongo, lilisimamia mashauri ya aina hiyo. Sifichi kwamba utaratibu huo ulikuwa na ukatili wake, na wako watu waliopigwa bila hatia. Lakini msingi wake ulikuwa mwema: mzigo wa kueleza ulikuwa kwa yule ambaye kwake nyayo zimepotelea, badala ya aliyeibiwa.

Pesa za simu zina nyayo zinazosomeka kuliko kwato za ng'ombe. Kila muamala una namba, saa, namba iliyotuma, iliyopokea, na wakala aliyetoa fedha taslimu. Nyayo hizo hazifutwi na mvua. Kinachokosekana ni mtu mwenye mamlaka ya kuzifuata hadi ng'ambo. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na Kenya ina yake ya mwaka 2018. Sheria zote mbili zinamtambua mhalifu. Lakini mama wa Nkende hana mlango mmoja wa kubisha ili zimtumikie kwa pamoja.

Tatizo la mahali njia mbili zinapokutana si la Sirari pekee. Oktoba 2020, nchini Uganda, wahalifu waliiba kiasi kikubwa cha fedha za simu kwa kupitia mfumo wa Pegasus Technologies, kampuni iliyokuwa katikati ya kampuni za simu na benki ikiunganisha miamala yao. Baadhi ya huduma za kuhamisha pesa kati ya mitandao na benki zilisimamishwa kwa muda. Wateja wengi hawakuwahi kulisikia jina la kampuni hiyo kabla ya siku hiyo. Kamba hukatikia pabovu, na ubovu wa mifumo hii mara nyingi uko kwenye kiungo.

Sasa niseme jambo ambalo huenda lisiwafurahishe ndugu zangu watumishi wa umma. Neno "usalama" linatumika kwa maana mbili zisizokutana. Kwa dola, usalama wa pesa zinazovuka mpaka ni kuzuia utakatishaji wa fedha na ufadhili wa ugaidi. Shinikizo ni la kweli: Oktoba 2022 Tanzania iliwekwa katika orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu na chombo cha kimataifa kinachopambana na makosa hayo, FATF, ikatolewa Juni 2025, Kenya iliingizwa katika orodha hiyohiyo Februari 2024. Kwa mama mdogo, usalama ni kupata pesa zake zikiibwa. Kila tunapoongeza masharti ya vitambulisho na fomu kwa ajili ya usalama wa kwanza, bila kupunguza gharama wala kufungua dirisha la malalamiko, tunamsukuma mtu mdogo kwenye kibanda cha kijana mwenye laini ya kuazima. Huko anakosa usalama wa pili, na dola yenyewe inakosa ule wa kwanza, maana haioni tena nani anamlipa nani.

Usajili wa laini ni mfano mzuri. Kuanzia Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA zilianza kuzimwa. Nia ilikuwa njema. Lakini sote tunajua habari za mzee anayeambiwa aweke kidole mara ya pili kwa kuwa "hakijasoma", kumbe kidole cha pili kinasajili laini ya mtu mwingine. Laini hiyo ikifika mikononi mwa tapeli, anayefuatwa ni mzee.

Nini kifanyike? Sihitaji kubuni jipya, maana mifano iko mpakani hapo hapo. Sirari na Isebania zina kituo cha pamoja cha mpakani, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ina sheria ya mwaka 2016 ya vituo vya namna hiyo. Msingi wake ni kwamba ofisa wa nchi moja anaweza kutekeleza sheria za nchi yake akiwa katika eneo la kituo lililo upande wa pili. Msingi huo ukikubalika kwa gunia la mahindi, hakuna sababu ukataliwe kwa pesa za gunia hilo. Kuwe na dawati moja ambalo mtu wa nchi yoyote kati ya hizi mbili anafungua lalamiko, na maofisa wa pande zote wanalipokea kwa niaba ya polisi, wasimamizi wa mawasiliano na benki kuu zao. Pesa zizuiwe kwanza, na suala la ni nchi gani yenye shauri lifuate baadaye.

Pili, Jumuiya ina utaratibu rahisi wa biashara ndogo: mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 unaozalishwa ndani ya Jumuiya hupita kwa cheti chepesi cha uasilia. Tuwe na utaratibu mwepesi kama huo kwa pesa ndogo, wenye makato madogo na kitambulisho kimoja, ili anayelipwa awe na akaunti kwa jina lake mwenyewe. Itifaki ya Soko la Pamoja imekuwa ikifanya kazi tangu Julai 2010 na inataja uhuru wa mitaji kuvuka mipaka. Mtaji wa mama mdogo ni shilingi 38,000. Uhuru huo umhusu na yeye.

Nanyi wanafunzi wangu, mnaotumiwa ada na wazazi walioko ng'ambo, waelimisheni nyumbani. Asiyeona salio lake limeongezeka asiamini ujumbe, hata ukiwa na maneno yaleyale ya kampuni. Namba ya siri haiombwi na mtu yeyote kwa sababu yoyote. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ujumbe wa kitapeli, ule wa "ile pesa tuma kwenye namba hii", upeleke 15040. Pesa kubwa zisipitie laini ya mtu mwingine, hata kama ni jirani mwema, kwa sababu siku zikiibwa sheria itamtambua mwenye laini, na wewe hutakuwapo.

Ushauri huo unapunguza hasara, lakini tusiutumie kuwatwisha wananchi kazi ya dola. Wanaharakati mnaopigania haki za wafanyabiashara wadogo, ongezeni swali hili katika madai yenu. Nanyi mnaokalia viti vya maamuzi Dodoma, Nairobi na Arusha, mama wa Nkende anasubiri kuambiwa ni ofisi gani, na ya nchi gani, itakayofuata nyayo za pesa zake.