Chungu Kimoja, Maradhi Mawili

Msomaji wangu, kabla sijakupeleka katika elimu ya mwili nakukaribisha kwanza jikoni. Jiko hilo lilikuwa la nyanya yangu, ambaye kwa Kikamba chetu tulimwita susu, kusini mwa Kitui, mahali ambapo mvua ni mgeni asiyetoa ahadi. Chakula chake cha kila siku kilikuwa muthokoi, yaani mahindi yaliyotwangwa kinuni hata yakatoka maganda, kisha yakapikwa pamoja na kunde au mbaazi. Sisi watoto tulikiona chakula hicho kuwa alama ya ufukara. Nataka kukueleza jinsi nilivyokidharau, na jinsi maradhi mawili, moja la njaa na moja la shibe, yalivyonifundisha kukiheshimu.

Mwaka 1984 ukame mkubwa ulishika Ukambani. Mashamba yalikauka, mifugo ikafa, na chakula kilichotufikia kilikuwa mahindi ya manjano ya msaada. Mimi nilikuwa na umri wa miaka 9, na mdogo wangu wa kike alikuwa na miaka 2. Alilishwa uji wa mahindi hayo asubuhi, mchana na jioni. Baada ya muda uso wake ulijaa, miguu ikavimba na tumbo likatokeza. Jirani mmoja alimpongeza mama kuwa mtoto amenona. Lakini mama hakufurahi, kwa maana mtoto hakucheka wala hakucheza, na nywele zake zilikuwa zimepoteza weusi wao. Akambeba mgongoni mpaka zahanati. Muuguzi alimbonyeza mguu kwa kidole, shimo likabaki pale pale. Akasema, "Mama, huku si kunona. Mtoto huyu ana njaa."

Maradhi yenyewe huitwa unyafuzi, na madaktari huyaita kwashiorkor, jina lililotangazwa na Daktari Cicely Williams mwaka 1935 kutoka Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Mdogo wangu alinyweshwa maziwa zahanatini kwa majuma kadhaa. Siku ya kurudi nyumbani, muuguzi alimwagiza mama achanganye uji na unga wa kunde. Lakini kunde zilikuwa wapi? Katika boma letu zilibaki za kibuyu kimoja tu, nazo zilikuwa mbegu za kupanda mvua itakaponyesha. Wazee walisema mbegu haziliwi, kwa kuwa alaye mbegu hula mwaka ujao. Susu alinyamaza usiku kucha. Kulipokucha alikizibua kibuyu, akazitwanga zile mbegu. "Shamba likikosa mbegu," alisema, "nitaomba kwa jirani. Mtoto nitamwomba kwa nani?"

Mdogo wangu aliishi. Mvua ilipokuja, susu alizunguka nyumba hadi nyumba akiomba kunde za kupanda, wala sikumwona akiona haya.

Miaka mingi ilipita kabla sijajua kibuyu kile kilifanya kazi gani. Jua, msomaji, kwamba protini yoyote, iwe ya nyama, ya maziwa au ya kunde, ni mfano wa mkufu uliotungwa kwa shanga ndogo ziitwazo asidi amino. Mwili hujenga protini zake kwa aina 20 za shanga hizo, na 9 kati yake mtu mzima hawezi kujitengenezea. Sharti ziletwe na chakula. Mahindi yamepungukiwa na mbili kati ya hizo tisa, lisini na triptofani. Kunde na mbaazi zina lisini kwa wingi, ila methionini yake ni haba. Na methionini mahindi wanayo ya kutosha kuwagawia wenzao. Kidole kimoja hakivunji chawa. Susu hakujua majina hayo, lakini chungu chake kilikuwa kimekwisha kuviunganisha vidole.

Hapa ndipo kolesteroli inapoingia. Wengi huidhani kuwa sumu, nayo si sumu. Ni kitu cha jamii ya mafuta ambacho mwili hukitumia kujengea kuta za chembe zake na kutengenezea nyongo; na sehemu kubwa yake hutengenezwa na mwili wenyewe, hasa katika ini. Lakini mafuta hayapatani na maji, na damu ni maji. Basi kolesteroli haiwezi kusafiri peke yake, yahitaji mchukuzi. Fikiri juu ya punda wa Kitui wanaobeba mitungi kutoka mtoni. Punda wa kolesteroli ni protini, na protini hutokana na asidi amino. Asidi amino zikiadimika, ini hukosa punda wa kutosha, mafuta yakarundikana humo, na huku damu ikipimwa yaonekana ina kolesteroli kidogo mno. Wataalamu wa leo husema unyafuzi una sababu zaidi ya moja. Lakini ini lililojaa mafuta ni dalili yake mashuhuri. Mdogo wangu alionekana mnono, kumbe alikuwa hana wachukuzi.

Sasa nikuambie habari ya maradhi ya pili, ambayo ni yangu mwenyewe. Nilipopata kazi ya ualimu mjini nilijiona nimeishinda dunia. Jioni zangu zilikuwa za nyama ya kuchoma na viazi vya kukaanga, na muthokoi nikauita chakula cha wasio na hiari. Mwaka 2019 kifua kilianza kunibana nipandapo ngazi. Nilipimwa damu, kolesteroli ikawa milimoli 6.9 kwa lita, na daktari akaniambia ingefaa iwe chini ya 5.2. Siku hiyo nilimkumbuka yule jirani wa mwaka 1984, kwa sababu na mimi watu walikuwa wakinisifu kwamba nimenona.

Taabu yangu ilikuwa kinyume cha ile ya mdogo wangu: punda walikuwa wengi, wamelemewa, na hapakuwa na wa kuwapokea. Ini lina milango ya kuipokea kolesteroli itokayo katika damu, na Wamarekani wawili, Michael Brown na Joseph Goldstein, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985 kwa uvumbuzi wao juu ya jambo hilo. Mafuta mengi ya wanyama huipunguza milango hiyo. Mizigo ikikosa mahali pa kushushwa, mingine huachwa katika kuta za mishipa.

Je, asidi amino za chakula zina neno katika taabu hii? Wenye elimu wamebishana sana. Mwaka 1908 Ignatowski wa Urusi aliwalisha sungura nyama, maziwa na mayai, mishipa yao ikaharibika, akaishuku protini ya wanyama. Mwaka 1913 mwenzake Anitschkow aliwapa sungura kolesteroli tupu katika mafuta, mishipa ikaharibika vile vile. Baadaye ilionekana kwamba hata pasipo kolesteroli, protini ya maziwa hupandisha kolesteroli ya sungura kuliko protini ya soya. Lakini sungura si mtu. Kwetu sisi, kuweka jamii ya kunde mahali pa nyama huishusha kolesteroli kwa kiasi kidogo, wala si rahisi kusema ni kazi ya asidi amino peke yake.

Njia moja, hata hivyo, i wazi. Ini huigeuza kolesteroli kuwa asidi za nyongo, kisha huzifunga kwa glisini au taurini, ambazo ni asidi amino, na kuzipeleka utumboni kuyeyusha mafuta. Nyingi hurudi inini kutumika tena. Lakini nyuzinyuzi za kunde huzikamata baadhi yake zikatoka nje, na ini hulazimika kuchota kolesteroli nyingine katika damu. Tena mwaka 1959 Shaper na Jones waliandika kuhusu Uganda kwamba Waafrika wa huko walikuwa na kolesteroli ya chini, na maradhi ya kuziba kwa mishipa ya moyo yalikuwa karibu hayaonekani kwao. Chakula chao kilikuwa hasa cha shambani.

Mdogo wangu ameolewa ng'ambo ya mto Athi, huko Makueni. Aliposikia habari zangu alikuja na mfuko wa mbaazi, akautua mbele yangu. "Kaka," alisema, "susu alinizibulia kibuyu cha mbegu nami nikala. Wewe unapewa zilizo tele, nawe wakataa?"

Sikuwa na jibu. Nilikula, nikatembea kwa miguu, na dawa ya daktari sikuiacha. Baada ya miezi mitatu kipimo kilishuka hadi 5.6. Siwezi kukuambia ni kiasi gani kilichoshushwa na dawa na ni kiasi gani kilichoshushwa na chungu. Nami nitakuwa mwongo nikikuambia kwamba kunde ni badala ya hospitali. Nakuambia hili tu: chungu kilichomwinua mtoto aliyekosa ndicho kilichosaidia kumshusha mtu aliyezidisha.

Basi, kijana usomaye haya, siku utakapopakuliwa muthokoi usiusukumie mbali kwa kuwaonea haya wenzako. Walioutunga mchanganyiko huo hawakuwa na vitabu vya kemia. Walikuwa na watoto waliotaka waishi.